Huduma ya kuandaa wasifu wa watia nia mjini Mtwara: uchapaji mzuri, ushauri wa kupimwa

Katika duka moja la steshenari mjini Mtwara, si mbali na soko kuu, kuna huduma inayotafutwa sana kila msimu wa kuchukua fomu unapowadia: mtia nia wa udiwani au ubunge huandaliwa wasifu wa ukurasa mmoja wenye picha, huandikiwa hotuba fupi ya kujieleza mbele ya wajumbe wa chama wanaopiga kura za maoni za kupendekeza wagombea, na fomu zake hukaguliwa na kutolewa nakala. Nilimsindikiza pale mjomba wangu, aliyekuwa ametia nia ya udiwani katika kata moja ya Newala kuelekea kura za maoni za CCM za Agosti 2025. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya watakaopita njia hiyo hiyo, kwa sababu ndani ya huduma ile mna kazi ya mikono na mna ushauri, na ubora wa viwili hivyo haulingani.

Kazi ya mikono sina la kuilalamikia. Picha ilitoka safi, karatasi ilikuwa ngumu, na fomu ilisomwa kipengele kwa kipengele hadi sahihi iliyosahaulika katika ukurasa wa mwisho ikaonekana kabla hatujatoka dukani. Bei haikuwa ndogo kwa mtu ambaye tayari alikuwa amelipa shilingi 50,000 za fomu, lakini tuliambiwa mapema na haikuongezwa njiani.

Tatizo lilianzia kwenye maneno. Duka lina kiolezo kimoja kwa kila mteja: juu kabisa, kwa herufi nene, linakaa jina la ukoo, na chini yake mahali pa kuzaliwa, kisha elimu, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, yale ambayo mtu ameyafanya. Kijana anayehudumia alitueleza kwa heshima zote kwamba mjumbe humchagua mtoto wa nyumbani mwenye jina ambalo wazee wanalijua, mengine ni nyongeza. Rasimu ya kwanza ikatoka na maandishi makubwa: MZALIWA WA NDANDA. Ni kweli mjomba alizaliwa Ndanda, wilayani Masasi, kwa kuwa bibi alipelekwa kujifungulia katika hospitali ya misheni, kama walivyofanya akina mama wengi wa uwanda wa Makonde, lakini hakuwahi kuishi huko. Karatasi ile ingesomwa na wajumbe wa Newala kana kwamba wameletewa mgombea kutoka Masasi.

Jina nalo lina mambo yake huku kwetu. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, ukoo kwa desturi hufuata upande wa mama, ilhali jina la mwisho kwenye fomu ni la upande wa baba. Mimi na mjomba hatuna jina moja, na bado kwa hesabu ya ukoo mimi ni wa kwake kuliko watoto aliowazaa mwenyewe. Zaidi ya hapo, katika familia nyingi jina la mwisho ni la baba tu: mtoto wa Salumu Hamisi ni Issa Salumu, na mjukuu ni Hamisi Issa, hivyo jina la babu huenda likatoweka kabla mjukuu hajafikia umri wa kugombea. Mzee wa Newala akitaka kukujua hukuuliza mama yako ni wa wapi na mjomba wako ni nani, na swali hilo halimo kwenye kiolezo.

Sisemi kwamba jina halina kazi. Nape Nnauye alipopata ubunge wa Mtama mwaka 2015, jina la baba yake, Moses Nnauye, lilikuwa linafahamika ndani ya CCM tangu zamani; ila yeye mwenyewe alikuwa amezunguka nchi nzima akiwa Katibu wa Itikadi na Uenezi. Mama Salma Kikwete alishinda Mchinga mwaka 2020 akiwa na jina la mume, ambaye ni mtu wa Pwani, lakini ni mzaliwa wa Lindi na alikuwa bungeni kwa uteuzi wa Rais tangu 2017. Upande wa pili yupo Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye hakuwa na jina la kurithi katika siasa. Mwaka 1995 aliteuliwa na chama chake kugombea urais kwa kura 686 dhidi ya 639 za Jakaya Kikwete, akibebwa na utumishi wake wa miaka mingi na imani aliyokuwa nayo Mwalimu Nyerere kwake. Kwa ninavyoona, jina humfanya mjumbe ainue kichwa akusikilize, na kuzaliwa mahali huzuia usiitwe mgeni. Baada ya hapo anataka kujua ulikuwa wapi msiba ulipotokea, na ulisema nini malipo ya korosho yalipochelewa.

Katika kata ya mjomba aliyeongoza ni mtu aliyezaliwa Nachingwea, ambaye kwa miaka mingi alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Alipopewa nafasi ya kujieleza hakutaja ukoo. Aliwauliza wajumbe kama yupo ambaye gunia lake liliwahi kupungua mikononi mwake, akanyamaza, na hakuna aliyenyanyua mkono. Mjomba alishika nafasi ya pili, kwa hotuba ambayo tulikuwa tumeipunguza sana sehemu ya babu na kuongeza habari za kisima alichosimamia kuchimbwa.

Duka nalipa haki yake: tulipoomba marekebisho yalifanywa siku ile ile bila malipo mengine, na kijana alisikiliza tulipomweleza habari ya Ndanda. Kwa fomu, picha na nakala, nampeleka mtu yeyote pale bila wasiwasi. Kwa hotuba, nenda na karatasi yako uliyoiandika nyumbani, uipe duka kazi ya kuinyoosha tu. Wenye duka nao wangeboresha huduma sana kama kiolezo kingeanza na kazi ambazo mteja amewafanyia watu wa kata yake, kikafuata mahali anapoishi na kulima, na sehemu ya ukoo ikawa na nafasi ya kuandika upande wa mama.