Jamaa Waliomzunguka Tom: Uhakiki wa Nakala Niliyoinunua Mwembe Tayari

Nakala hii ya Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe kuhusu utumwa iliyotolewa Marekani mwaka 1852, niliipata kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na Mwembe Tayari, Mombasa, kwa shilingi 350. Jalada limechakaa, lakini sura zote 45 zimo na hakuna ukurasa uliong'oka. Maandishi ni madogo mno, kwa hiyo anayesoma usiku ahakikishe ana taa nzuri.

Wengi humkumbuka Tom, mtumwa aliyelipa kitabu jina lake, peke yake. Mimi nilishikwa na jamaa waliomzunguka, hasa Chloe, mkewe, mpishi wa nyumba ya Shelby huko Kentucky. Bwana Shelby si mkatili, lakini madeni yanapombana anamuuza Tom pamoja na Harry, mtoto mdogo wa mtumwa mwingine, Eliza, na Bi Emily, mke wa Shelby, anapinga kwa uchungu wakati hati zimekwisha kutiwa sahihi. Chloe anaomba aende Louisville kumfanyia kazi mtengenezaji wa keki kwa dola 4 kwa wiki, ili ujira wake ulimbikizwe hadi utoshe kumkomboa mumewe. Anasisitiza kwamba zitunzwe noti zile zile alizolipwa, apate kumwonyesha Tom atakaporudi. George, kijana wa Shelby aliyekwenda kumtafuta Tom, anarudi peke yake, na Chloe anazikusanya noti zile kwa mkono unaotetemeka na kumkabidhi Bi Emily. Ukurasa huo niliusoma mara tatu.

Katika nyumba ya St. Clare, New Orleans, alikouzwa Tom, bwana wake mpya Augustine St. Clare anaujua uovu wa utumwa na bado anaishi kwa jasho la watumwa. Anamwahidi Tom uhuru, anakawia, anachomwa kisu akiamua ugomvi mkahawani, na mjane wake, Marie, anawapeleka watumwa mnadani. Topsy, mtoto mtumwa wa nyumba hiyo, anasalimika kwa sababu moja tu: Ophelia, binamu ya Augustine aliyetoka Vermont, alikataa kuridhika na ahadi ya mdomo, akamshurutisha Augustine aandike papo hapo hati ya kumpa mtoto yule, ili aweze kumpeleka kwenye majimbo huru, yasiyo na utumwa. Sisi tunaopita Kengeleni kila siku, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, makao ya watumwa waliookolewa, tunapaswa kuisoma sehemu hiyo kwa utulivu.

Kasoro ya mwandishi siwezi kuificha. Sam na Andy, watumwa wa Shelby, amewachora kama vichekesho, na Topsy anapoingia mara ya kwanza anaelezwa kana kwamba si mtoto wa mtu. Yaliniudhi, na msomaji kijana aelezwe mapema kabla ya kukabidhiwa kitabu. Hata hivyo nitamnunulia dada yangu nakala yake: muuzaji alibakiwa na moja yenye jalada gumu na maandishi makubwa zaidi, nami nimemwomba aniwekee hadi Jumamosi.