Wakala wa uraia wa Uturuki: makaratasi safi, nyumba jihadharini

Mjomba wangu, mfanyabiashara wa Mombasa, alitaka pasi ya pili, nami nikawa karani wake. Tangu Juni 2022, mgeni anayenunua nyumba Uturuki ya dola 400,000 na kukubali kutoiuza kwa miaka 3 anaweza kuomba uraia. Kabla ya hapo ilikuwa 250,000.

Wakala wetu wa Istanbul simtaji jina. Kwa makaratasi nampa nyota nne. Mwanasheria wake alitusomea hati ya nyumba, ile wanayoiita tapu, mstari kwa mstari, akatuonyesha kwa kalamu pale panapoandikwa zuio la kuuza. Akasisitiza pia dola ziuzwe benki, cheti cha ubadilishaji kitoke, la sivyo ombi halisongi.

Kwenye nyumba, nyota moja, na hiyo ni kwa chai waliyotupa. Fleti ya kwanza, mjomba kafungua kabati la jikoni, mlango ukabaki mkononi, na dalali bado anasema "hii lulu, bosi." Bei aliyotaja ilikuwa ya mbinguni, wakati serikali inaangalia ripoti ya mthamini mwenye leseni, si maneno ya dalali. Mjomba akamwambia ahsante, tukatafuta wenyewe.

Sisi Wakenya katiba ya 2010 inaturuhusu uraia wa nchi mbili. Ndugu zangu Watanzania, kwenu mtu mzima akichukua uraia mwingine kwa hiari anapoteza wa nyumbani. Wakala hatawauliza hilo, sisi hakutuuliza.