Uzoefu wangu: modeli ya nyumba iliyosahau mawe ya Mwanza

Kama unajenga Mwanza na ukaambiwa nyumba yako itachorwa kwa modeli ya kompyuta, BIM kama wanavyoiita, kabla hujatoa hela uliza: ardhi yangu mmeipima, au mmeichora tambarare tu?

Kiwanja changu kiko Bwiru, mtelemko wa kuelekea ziwani. Aliyewahi kupita huku anajua mawe yalivyo. Ofisi niliyoilipa ikanionyesha nyumba nzuri kwenye skrini, unaizungusha, unaingia mpaka jikoni, na hesabu ya tofali, nondo na saruji inatoka humohumo. Nilifurahi sana. Mafundi walipoanza msingi, kwenye kona ya chumba cha wageni sururu ikagonga mwamba. Si jiwe la kubingirisha, ni granaiti yenyewe, inapita chini ya ukuta mpaka barazani. Vijana wakawa wanaichoma kwa kuni na matairi, ikipata moto wanaipiga nyundo, vinatoka vipande vya kujaza karai. Hela inakwenda. Kwenye modeli, pale pote ni udongo laini.

Fundi mkuu akasema mwamba ule unabeba nyumba vizuri tu, tukalishe msingi juu yake na kupandisha sakafu upande huo. Nikaenda ofisini kuomba hivyo. Kijana hata kichwa hakuinua: "Mama, kompyuta imeshapiga hesabu. Ukitaka mabadiliko, hiyo ni kazi mpya, unalipia upya."

Kazi mpya! Waliniuzia modeli kwa maneno kwamba ukigusa sakafu tu, basi kuta, ngazi, saruji na gharama vinajirekebisha vyenyewe. Nikaomba basi faili la IFC, ambalo mtaalamu mwingine angelifungua hata kwa programu tofauti. Nikatumiwa PDF. Yaani picha. Nimelipia modeli, nimepewa picha!

Haki yao niiseme lakini. Modeli hiyohiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba sebule itaungua na jua. Hapa tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapiga bati, linaloingia ndani ni la asubuhi na la jioni. Dirisha kubwa nililolitaka magharibi, nione ziwa, wakalipunguza na kuliwekea baraza pana. Leo saa kumi jioni nakaa sebuleni bila feni, na wageni wanashangaa. Kwa hilo peke yake nilitaka kuwapa nyota nne.

Ila nikikumbuka yule kijana na kichwa chake kwenye simu, na matairi yaliyoteketea pale, mbili zinatosha. Hapana, moja. Hiyo moja ni ya baraza.

Vyumba vya kupangisha hapo nyuma nitavichoresha kwa modeli tena, kwa ofisi nyingine. Mpima aje kwanza achukue miinuko na kila mwamba unaoonekana, na mkataba useme faili ni langu.