Taa ya UV ya Wati 25 kwenye Tangi la Maji ya Chumvi: Uzoefu Wangu wa Mikindani

Taa hii ya UV naitumia kwenye tangi la samaki la lita 400 nyumbani Mikindani, na nimeona niitathmini kwa kirefu kwa sababu maelezo ya kwenye boksi lake hayamsaidii mnunuzi kuamua. Boksi linasema inafaa matangi ya hadi lita 1,000. Halisemi maji yapite kwa kasi gani, wala kama lita hizo ni za kuua mwani unaoyageuza maji kuwa ya kijani au ni za kupunguza vimelea, ilhali hayo mawili ndiyo yanayoamua ukubwa wa taa.

Balbu hutoa mionzi ya urujuanimno ya nanomita 254 hivi, ambayo huharibu vinasaba vya viumbe vidogo vinavyopita karibu nayo, visiweze tena kuzaana. Kiasi cha mionzi ambacho kiumbe anakipata hutegemea nguvu ya balbu na muda anaokaa mbele yake. Mwani unaoelea na bakteria wengi hawahitaji kiasi kikubwa, lakini Cryptocaryon irritans, kimelea kinachowaletea samaki wa baharini madoa meupe, huhitaji kikubwa zaidi kwa mara kadhaa. Kwa hiyo taa ile ile yaweza kutosha kabisa kwa kazi moja na kupwaya kwa nyingine.

Nilijaza maji kwenye chemba ya taa nikayapima kwa jagi: inabeba lita 1.5 hivi. Pampu kuu ya tangi husukuma lita 2,000 kwa saa, na maji hayo yote yakipitishwa kwenye taa yatakaa humo sekunde 2.7 tu, muda ambao kwa vimelea naona ni mdogo mno. Ndiyo maana niliipa taa pampu yake ndogo yenye valvu, nikaibana mpaka ndoo ya lita 20 ikawa inajaa kwa sekunde 90, yaani lita 800 kwa saa. Sasa maji hukaa karibu sekunde 7, na bado ujazo wa tangi zima hupita kwenye taa mara 2 kila saa. Kubana zaidi si busara, kwa kuwa vimelea vinavyoogelea vitapata nafasi ya kumfikia samaki kabla ya kufika kwenye taa. Namba iliyoandikwa kwenye pampu isiaminiwe; kimo cha bomba na kona zake hupunguza mwendo wa maji, na ndoo ndiyo inayosema kweli.

Sisi tunaochota maji baharini tuna jambo jingine la kuangalia. Msimu wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, mito hushusha tope, na wenzetu wa Lindi walio karibu na mdomo wa Lukuledi wanalijua hilo vizuri. Mionzi haipenyi maji yaliyochafuka. Maji mapya nayaacha yatuame kwanza, na taa nimeifunga baada ya kichujio cha sponji, si kabla yake.

Bomba la kioo cha kwatsi linaloifunika balbu hujenga utando mweupe wa chokaa, unaokwaruza ukiupitishia ukucha, na hapo mionzi huzuiwa hata kama balbu ni mpya. Nachomoa waya kwenye umeme, nalizungushia kitambaa kilicholowa siki mpaka utando ulainike, kisha nalisuuza. Balbu yenyewe hudumu saa 9,000 hivi, takriban mwaka mmoja ikiwaka mfululizo. Baada ya hapo huendelea kutoa mwanga wa buluu ilhali nguvu ya kuua imekwisha pungua. Asiitazame mtu kwa macho matupu, kwani mionzi hiyo huunguza macho.

Maji yangu yametakata, nami nimeridhika. Hata hivyo taa hii si dawa: kimelea kilichokwisha jichimbia kwenye ngozi ya samaki, na vifuko vyake vilivyoshika mchangani, havifikiwi na mionzi, hivyo samaki mgeni bado namtenga kwanza kwenye tangi lake. Anayetaka maji maangavu tu kwenye tangi kama langu anaweza kununua taa ndogo kuliko hii na kubakiza fedha. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji kama balbu na kioo cha kwatsi vinauzwa peke yake, kwa sababu hapa Mtwara sijavipata madukani na naagiza Dar es Salaam.