Wikipedia ya Kiswahili: nimeipa nyota nne, wana Tanga ingieni muandike

Naongelea upande wa kuandika sio kusoma tu, maana kusoma kila mtu anasoma, ukigugo jina la mahali mara nyingi inakuja juu kabisa, ila wengi hawajui kwamba kile kitufe cha Hariri pale juu ni cha kwao pia, hulipi, huombi kibali kwa mtu, unabonyeza unaandika. Ipo tangu 2003, lakini fungua kurasa za kata zetu nyingi uone: ni kata ya Jiji la Tanga katika Mkoa wa Tanga, postikodi hii, sensa watu kadhaa, kwisha. Soko hakuna, shule hakuna, historia hakuna. Nyota nne nimeipa kwa moyo mmoja, na ile ya tano nimeizuia kwa sababu nitazisema huko chini.

Kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa makala wenyewe. Sisi shuleni tumefundishwa insha ianze na utangulizi wa kupamba, mtu akitaka kuandika Mapango ya Amboni anaanza "Tangu enzi na enzi binadamu amekuwa akivutiwa na maajabu ya dunia", aya nzima inakwisha hujaambiwa hayo mapango yapo wapi. Kwenye Wikipedia hiyo haikubaliki kabisa. Sentensi ya kwanza inataja jina kwa herufi nzito na papo hapo inasema kitu ni nini na kipo wapi: "Mapango ya Amboni ni mapango ya mawe ya chokaa karibu na jiji la Tanga, Tanzania." Basi. Mapambo hayana kazi hapo, na ukisema ni mapango mazuri kuliko yote Afrika Mashariki atakuja mwenzio akufute, na atakuwa na haki.

Na hili nalisisitiza kwa sababu ya simu. Huku kwetu watu wengi wanasoma kwa simu na bando la kuungaunga, na Wikipedia ukiifungua kwenye brauza ya simu vile vipengele vyote vya chini huwa vimekunjwa, unaona utangulizi halafu orodha ya vichwa mpaka ubonyeze mwenyewe kimoja kimoja. Kwa hiyo utangulizi ukiwa mbovu msomaji hana habari kwamba huko chini kuna mambo, anafunga anaenda zake. Aya moja au mbili zinazobeba yale makubwa ya makala nzima, afu ndo vichwa.

Vichwa navyo wamevirahisisha sana. Ukiandika kwa Hariri chanzo, yaani ule uhariri wa kuweka alama mwenyewe, unaweka alama ya usawa mbili mbele na mbili nyuma, kichwa kidogo chini yake tatu tatu, na orodha ya yaliyomo inajitengeneza yenyewe, huhangaiki na namba. Usitumie alama moja moja, hiyo ni ya jina la ukurasa wenyewe. Na msikoleze tu maneno mkadhani mmeweka kichwa, macho yanadanganyika lakini programu haikitambui, kwa hiyo kwenye orodha hakiingii na kwenye simu hakikunji. Kwa makala ya mji mi napenda Jiografia, Historia, Uchumi, Utamaduni, halafu Tanbihi na Viungo vya nje mwisho. Kipengele kikinenepa sana kitoe kiwe makala yake, mfano yale mapigano ya Novemba 1914 hapa Tanga kati ya Waingereza na Wajerumani, kwenye ukurasa wa jiji inatosha aya moja na linki, mambo ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki waliowavamia askari yakae kwenye ukurasa wa mapigano, la sivyo ukurasa wa jiji unageuka wa vita.

Linki ni mabano ya mraba mawili mawili. Hapa watu wanakosea Pangani kila siku, kuna mto, kuna mji, kuna wilaya, na Nairobi nako kuna mtaa wa Pangani, sasa ukilinki Pangani tupu msomaji anaweza kutupwa asikotarajia. Unaandika jina kamili la ukurasa, unaweka kile kijimstari cha wima, afu neno unalotaka lionekane, yaani [[Pangani (mto)|Pangani]]. Linki moja kwa jina inatosha, pale linapotokea mara ya kwanza, sio kila mstari. Ikitokea nyekundu usiifute ukadhani umeharibu, maana yake ukurasa huo haujaandikwa bado, kama jina limeandikwa sawa basi hiyo ni kazi inamsubiri mtu.

Sasa zile sababu za kuzuia nyota. Ya kwanza ni haya mambo ya nafasi, mtu anaandika vizuri kwenye noti za simu, anakopi anapesti, na kwa kuwa shuleni aya inaanzia ndani kidogo anaacha nafasi mwanzoni mwa mstari, basi MediaWiki, ile programu inayoendesha Wikipedia, ikiona nafasi hiyo inaugeuza mstari wote kuwa kisanduku cha maandishi ya mashine, unatoka nje ya kioo, unasoma kwa kuvuta pembeni. Na ukibonyeza mstari mpya mara moja tu aya haivunjiki, lazima uruke mstari mzima. Nani angejua hayo bila kuambiwa? Mgeni anaona ukurasa umeharibika, anaogopa, harudi tena. Kihariri cha kuona kinasaidia sana hapa, unaandika kama kwenye Word, na kwenye vyanzo kiko vizuri kweli, unapesti anwani ya tovuti na mara nyingi kinakujazia jina la makala na tarehe chenyewe. Ila majedwali kwa simu, aisee, subirini mpate kompyuta.

Ya pili inaniuma zaidi. Wikipedia hii inataka kila dai liwe na chanzo kilichochapishwa, na nakubali, bila hivyo kila mtu angeandika ya babu yake. Lakini mambo mengi ya Tanga yako midomoni mwa wazee. Magofu ya Tongoni yameandikwa na wataalamu, reli iliyoanza kujengwa hapa 1893 imeandikwa, Shaaban Robert aliyezaliwa Vibambani 1909 ameandikwa, ila nani alianzisha kikundi gani cha ngoma mtaa upi, hiyo huikuti popote, na ukiiandika inafutwa. Kwa mambo hayo bora watu wa mtaa au shule waanzishe wiki yao, yaani tovuti yao ya kuandika kwa pamoja, MediaWiki yenyewe ni bure kupakua, na wajiwekee utaratibu kwamba kila simulizi iwe na jina la msimulizi kama ameridhia, mahali na tarehe ya kurekodi. Mpangilio ni ule ule.

Jambo jingine dogo, acheni "kwa sasa", "juzi", "mwaka huu". Ukurasa utasomwa miaka kumi mbele, andika mwaka kwa tarakimu, na idadi ya watu itajwe ni ya sensa ipi, 2012 au 2022. Picha piga mwenyewe upandishe Wikimedia Commons, lile ghala la picha la Wikipedia, za kuokota Gugo zinafutwa. Na chini kabisa usisahau Jamii, yaani kundi la mada la ukurasa, bila hiyo ukurasa wako unakuwa yatima, haumo kwenye kundi lolote.

Kwa anayeanza nashauri asifungue ukurasa mpya, achukue wa kata yake, anyooshe sentensi ya kwanza, aongeze kichwa kimoja na chanzo kimoja, aandike kwenye muhtasari amebadilisha nini, achapishe. Ukikosea matoleo yote yanabaki kwenye historia ya ukurasa, yanarudishwa. Mi naendelea na kata za Ngamiani Kaskazini, Kati na Kusini, na mwenye kitabu kinachoeleza zile barabara za namba zilianzaje naomba aniambie jina lake na ukurasa, nakihitaji kwa chanzo.