Mtihani wa Kiingereza wa kwenda nje: upi ulipie kwanza

Kabla hujatoa hela, fungua ukurasa wa udahili wa chuo, au wa visa wa nchi unayokwenda, uone wanapokea mitihani ipi na wanataka alama ngapi kwa kila sehemu. Kama shahada yako ni ya UDSM au Muhimbili, uliza pia kama barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulifundishwa kwa Kiingereza inatosha. Vyuo kadhaa huipokea, na hapo unaokoa laki kadhaa.

Nafasi ya kwanza tunaipa IELTS Academic, toleo la mtihani wa IELTS kwa wanaokwenda kusoma chuo. Hapa Dar unaifanyia kituoni, na ndiyo inayofungua milango mingi zaidi: Uingereza, Australia, Kanada na Marekani. Kusikiliza ni nusu saa, kusoma saa moja, kuandika saa moja, kisha mazungumzo ya dakika 11 hadi 14 na mtahini. Alama huishia 9.

Wengi huangushwa na kuandika. Chukua mtu aliyepata 7.0 kusikiliza, 6.5 kusoma, 6.5 kuzungumza na 5.5 kuandika. Wastani ni 6.375, unapandishwa kuwa 6.5, naye anashangilia. Chuo kikiwa kimesema "6.5, pasiwe na sehemu chini ya 6.0", hajafuzu. Swali la kwanza linataka maneno yasiyopungua 150, la pili 250, na la pili lina uzito mara mbili. Lipe dakika 40. Insha ya kukariri mtahini huitambua. Kwenye kusikiliza, ukiambiwa jibu lisizidi maneno mawili ukaandika matatu, umekosa hata kama maana ni sahihi.

Sisi wa Kiswahili tuna makosa yetu. "Yeye" haina jinsia, basi tunaanza na "he" habari za dada na kumalizia "she" habari za kaka. Tunasahau "a" na "the", na "s" ya wingi. Lafudhi haikatwi alama maadamu unaeleweka. Jirekodi kwa simu dakika mbili, usikilize, uhesabu makosa hayo.

Anayehamia Kanada kikazi kwa Express Entry, mfumo wa Kanada wa kupokea wahamiaji wenye ujuzi, achukue IELTS General Training, toleo la wanaohamia na kufanya kazi. Ile ya Academic haipokelewi huko. Na Uingereza, kozi ya maandalizi ya kabla ya shahada kwa kawaida hudai IELTS for UKVI, yaani ile inayotambuliwa na idara ya visa ya Uingereza. Maswali ni yaleyale, ila ni lazima uichague hivyo wakati wa kujisajili. Haibadilishwi baadaye.

Ya pili ni Duolingo English Test, hasa kwa wanaoomba vyuo vya Marekani. Ada yake haifiki nusu ya IELTS, unaifanyia nyumbani kwa takriban saa moja, na majibu hutoka ndani ya siku mbili. Lakini usiitegemee kwa visa ya kuhamia. Kinachoiharibu ni mazingira: umeme ukikatika, mtu akiingia chumbani, au macho yakihama kwenye skrini mara kwa mara. Chaji kompyuta, weka bando la akiba, funga mlango.

TOEFL iBT ni ya tatu. Ni nzuri kwa Marekani, ila unazungumza na kompyuta, si mtu. Tangu Januari 2026 muundo umebadilika na alama sasa ni 1 hadi 6, kwa hiyo vitabu vya mitumba vya Posta vinavyofundisha alama 120 vitakupotosha.

PTE, mtihani wa kampuni ya Pearson unaofanywa kwa kompyuta, tunaiweka mwisho kwa mkazi wa Dar: hakikisha kwanza kituo kiko wapi, ujumlishe nauli na malazi. Wauguzi wanaolenga Uingereza walinganishe IELTS na OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, maana OET hutumia mazingira ya hospitali.

Majibu ya mitihani hii hudumu miaka miwili, basi usiwahi sana. Jisajili kwa jina lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na siku ya mtihani uje na pasipoti hiyohiyo. Anayekuuzia cheti bila mtihani anakuuzia kukataliwa: chuo huhakiki alama mtandaoni moja kwa moja.