Nywele kwenye bahasha: uzoefu wangu wa maonyesho ya biashara ya urembo

Mara ya kwanza nilirudi na mifuko minne ya karatasi, peni zisizo na idadi, na sampuli za mafuta ambazo wateja waliishia kuzinusa tu. Mara ya sita nilirudi na daftari na bahasha moja. Ukiniuliza safari ipi ilinilipa, sihitaji kufikiri.

Mimi ni msusi, na katika kazi zote za saluni rangi ndiyo niipendayo zaidi. Naandika kwa mwenzangu anayejiuliza kama kuna haja ya kufunga safari. Watu hupiga hesabu ya nauli na kiingilio, wakasahau gharama kubwa kuliko zote: siku tatu au nne kiti chako kimekaa kitupu, na mteja wako wa kila mwezi amejaribu saluni ya jirani. Ukienda, basi siku hizo zirudishe kitu.

Jisajili mapema, na ujisajili kama mtaalamu. Maonyesho mengi ya aina hii hayapokei kila mpita njia. Wataomba leseni, cheti cha mafunzo au usajili wa biashara ndipo wakupe beji. Na beji si kitu kidogo. Wauzaji huisoma kabla hawajakutazama usoni. Mwaka mmoja niliandikwa kimakosa kuwa mwanafunzi, nikagawiwa vipeperushi kila nilikopita. Kesho yake walipoirekebisha ikasomeka "mmiliki wa saluni", mabanda yaleyale yakanivutia kiti.

Kubwa kuliko yote niliyohudhuria ni Cosmoprof ya Bologna, Italia, iliyoanza mwaka 1967. Pale niliharibu mwenyewe. Niliona tarehe ya ufunguzi, nikakata tiketi, nikafika asubuhi na mapema nimevaa vizuri. Kumbe kumbi za manukato, vipodozi na vifungashio hutangulia, na za nywele na kucha hufunguliwa siku inayofuata. Nikashinda kutwa nzima katikati ya mashine za kujaza chupa, vizibo na pampu za losheni. Lakini sijutii sana. Ndiko nilikoelewa kwamba krimu mbili zenye majina yanayoshindana madukani zinaweza kutoka kwenye pipa moja la kiwanda kimoja, na kwamba anayetaka kutoa mafuta yenye jina lake ataulizwa kwanza anataka chupa elfu ngapi. Nilikuwa na ndoto hiyo. Nikaikunja nikairudisha mfukoni.

Sasa jukwaa. Usiende kwa ajili ya jukwaa. Taa, muziki, mwanamitindo anageuzwa kutoka nyeusi hadi fedha kwa dakika ishirini, umati unapiga makofi, na mimi nilipiga pia. Baadaye, kwenye foleni ya choo, fundi mmoja aliyekuwa akisaidia pale aliniambia nywele zile zilianza kupaushwa jana yake hotelini, na kilichofanyika mbele yetu kilikuwa tona tu, ile rangi nyepesi ya kumalizia. Hakukuwa na uongo. Hakuna aliyesema kazi nzima imeanza saa ile. Ila ukirudi ukamwahidi mteja kazi hiyo kwa muda huo, aibu itakuwa yako.

Tangu hapo huwa natembea na bahasha. Kabla ya safari naomba ruhusa kwa wateja wachache nibaki na nywele ninazowakata. Nazifunga kwa uzi mafungu yenye unene wa penseli: moja la nywele asilia za kipilipili ambazo hazijawahi kuguswa na dawa, moja la nywele zenye dawa, moja lililopaushwa, moja la mvi. Naliendea banda la rangi, nasubiri watu wapungue, natoa fungu nasema, "Naomba unipakie hili." Jibu la hapo ndilo ninalolifuata.

Wengi hucheka. Wengine husema leo ni siku ya kuonyesha, si ya kujaribu. Mmoja alinihimiza nichukue developa, kile kimiminika cha peroksaidi kinachochanganywa na rangi, ya namba 40, "haina madhara kabisa, dada." Nikamuuliza ina asilimia ngapi ya peroksaidi. Akageuka kumtafuta mwenzake. Ni asilimia 12, kama vile 10 ilivyo asilimia 3, 20 ni 6 na 30 ni 9. Msusi wa mwaka wa kwanza anayajua hayo, na mtu asiyeyajua hawezi kunishauri nini cha kuweka kichwani mwa mtu.

Lakini dada mmoja, kwenye banda dogo la pembeni lisilo hata na skrini, alifunga aproni. Kwanza aliuliza kama nywele ziliwahi kupakwa hina ya pakiti, maana baadhi zina chumvi za metali ambazo hukutana na peroksaidi zikachemka. Akachanganya kwa developa ya asilimia 6, akakataa katakata kugusa lile fungu lililopaushwa kwa kitu kikali zaidi. Akatandika foili, akapaka kwa brashi akianzia katikati kwenda nchani, akaweka saa, akaendelea na wageni wengine. Dakika 35. Aliposuuza, fungu la mvi lilibaki na nyuzi nyeupe tatu nne. Hakuzificha. Alilinyanyua kwenye mwanga akasema mvi ngumu namna hii angezipa dakika 45 na kuongeza rangi ya asili, yaani ile isiyo na mng'ao wa ziada, ndani ya mchanganyiko. Kisha akavuta unywele mmoja ukiwa mbichi. Ulivutika kidogo ukarudi. Unywele wa banda lililotangulia, ambako walikubali kunipakia kwa shingo upande, ulivutika kama utando wa buibui, haukurudi, ukakatika mikononi mwangu.

Sikununua siku ile. Nilichukua sampuli mbili, nikazijaribu saluni kwa mwezi mzima, ndipo nikaagiza.

Kuna banda nililikimbia, na hilo lazima nilisimulie. Lilikuwa la dawa ya kunyoosha nywele kwa pasi, na bango lake kwa herufi kubwa likisema haina formaldehaidi. Fundi alipopitisha pasi ya moto, moshi ukapanda, macho yakaanza kunichoma nikiwa safu ya tatu. Mwanamitindo mwenyewe alikuwa akifuta machozi huku anatabasamu. Niliomba orodha ya viambato. Kwenye mstari wa pili: methilini glaikoli. Kwa asiyejua, hiyo ni formaldehaidi iliyokutana na maji. Ukiipasha moto, formaldehaidi inatoka hewani kama ilivyokuwa. Na hii si kemikali ya kuchezea: wakala wa kimataifa wa utafiti wa saratani, IARC, uliitangaza mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Mteja anaivuta mara moja kwa miezi kadhaa. Sisi tunaivuta kila siku. Nikaomba karatasi ya usalama wa kemikali, nikaambiwa ipo ofisini watanitumia. Hawajatuma hadi leo. Mzalishaji anayejiamini huwa nayo mezani.

Punguzo nalo lina hila zake. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku TPO, kiambato kinachosaidia jeli ya kucha kukauka chini ya taa, kuanzia tarehe 1 Septemba 2025, marufuku ilihusu hata saluni kuitumia, si viwanda pekee. Kabla ya tarehe hiyo nilikuta banda likiuza jeli kwa nusu bei, watu wamejazana. Rafiki yangu wa kucha akageuza chupa, akasoma kwa miwani, akairudisha polepole. Nilimuuliza kulikoni, akasema, "Wanamwaga ghala." Huenda kule ulipo sheria hiyo haikuhusu. Hata hivyo, ni vizuri ujue kwa nini kitu kimeshuka bei kabla hujakishangilia.

Mimi mwenyewe sikuwa na macho hayo kwenye mashine ya kunyolea. Niliipenda mkononi, nzito kiasi, sauti nzuri, nikalipa. Ilikuwa ya volti 120. Nikajifariji kuwa kifaa cha kupunguza umeme kitamaliza tatizo. Hakikumaliza, kwa sababu aina ile ya mota ya sumaku hutegemea pia mapigo ya umeme: imetengenezwa kwa 60 kwa sekunde, kwetu ni 50. Ikawa inanguruma na kuvuta nywele za watu. Iko kabatini. Soma kibandiko cha chini ya mashine kabla hujafungua pochi, hakuna anayekukataza.

Mikasi, kwa upande mwingine, ndiyo sababu moja ya kununua papo hapo. Mkasi haununuliwi kwa picha. Ushike, uvae vidole, uone kama kidole gumba kinafika bila kukaza mkono. Kisha inua wembe mmoja hadi pembe mraba uuachie: ukianguka ukajifunga wote, skurubu imelegea, ukigoma kushuka, imekazwa mno. Ninautaka usimame njiani, kabla ya kufunga. Halafu nakata karatasi laini ya tishu iliyoloweshwa. Mkasi mbovu unaisukuma na kuikunja, mzuri unapita. Mnoaji mmoja, mzee asiyependa maneno, alitumia robo saa kunieleza kwamba wembe wa mbinuko, ule ulionolewa kwa mviringo badala ya bapa, ukimpa mtu asiyeujua aunoe mara moja tu, umeutupa. Alikataa kuniuzia mkasi wa ghali zaidi mezani kwake. Alisema kwa namna ninavyoshika, ungeniumiza kiganja. Mkasi alionichagulia ninao mwaka wa nne.

Madarasa yapo ya aina mbili na bei zake ziko mbalimbali. Kuna ya kukaa na kutazama, na kuna ya kushika kichwa cha mfano ukafanya, mwalimu akipita nyuma yako. Lipia la pili hata kama itabidi uache vingine. Nafasi ni chache, huisha wiki kadhaa kabla, na ndiyo sababu nyingine ya kujisajili mapema. Nilijifunza mshiko mmoja wa brashi kwenye darasa la watu kumi na wawili ambao nisingeuona kwenye video, kwa kuwa mwalimu aliushika mkono wangu na kuugeuza. Cheti walichotupa mwishoni kizuri kutundika, ila kinasema tu kwamba nilikuwepo. Nimeona wenzetu wakikiuza kama ustadi.

Kuhusu miguu sina la kusema zaidi ya viatu vya kazini, vilevile unavyosimamia saluni. Wala usibebe mifuko yote unayopewa.

Alama zangu: maonyesho makubwa nayapa nyota tatu na nusu kati ya tano, madogo ya wauzaji wa jumla nne. Najua wengi wataona nimepindua. Kwenye makubwa unaona kinachokuja, lakini anayekuhudumia mara nyingi ameajiriwa kwa siku nne na hataikumbuka sura yako. Kwenye madogo, aliye nyuma ya meza ndiye atakayepokea simu bidhaa ikikusumbua.

Safari ya mwisho niliandika nyuma ya kila kadi niliyopewa kile tulichozungumza, pale pale, nimeegemea ukuta, kwa maana ukifika nyumbani kadi zote zinafanana. Nilituma ujumbe kwa watu kumi na mmoja. Wanne walijibu. Wawili kati yao walinitumia orodha ya bei na salamu. Mmoja alikuwa mzee wa mikasi, akiuliza kama bado naukausha mkasi vizuri baada ya kazi. Na yule dada wa banda dogo alituma picha ya fungu langu la mvi, kumbe alibaki nalo. Alilipaka upya kwa dakika 45, safari hii na rangi ya asili ndani, akaandika vipimo pembeni kwa kalamu. Hakuna unywele mweupe hata mmoja.